Nimeamka kutoka nusu kaputi koo likiuma na kimeo kimevimba: chanzo ni mpira wa kupumulia au kuna jambo jingine?

#1 MwalimuWaKorogwe (Ijumaa, saa 1:40 usiku)

Wakuu, habari za jioni.

Siku ya Jumanne nilifanyiwa upasuaji wa kuondoa uvimbe kwenye kizazi. Makubaliano yalikuwa nichomwe sindano ya mgongo, lakini ganzi haikukolea upande wa kushoto, na baada ya kusubiri nikaambiwa kwamba italazimu nipewe nusu kaputi. Nakumbuka barakoa ikiwekwa usoni, kisha sikumbuki kitu hadi nilipozinduka. Maumivu ya tumbo niliyatarajia. Nisilolitarajia ni koo: nilihisi kama mwiba wa samaki umekwama, sauti ilikuwa imenikauka kabisa, na kila nilipomeza mate machozi yalinilenga. Siku ya pili nilijitazama kwenye kioo kwa tochi ya simu nikaona kimeo kimerefuka hadi kinagusa ulimi. Leo, siku ya nne, ncha yake imekuwa nyeupe, na uji naumeza kwa shida.

Wodini niliambiwa kwamba ni ule mpira wa kupumulia na kwamba litapoa lenyewe, lakini hakuna aliyenifunua mdomo akatazama. Asubuhi nimeruhusiwa. Mama mkwe wangu, ambaye ndiye anayeniuguza na ninamheshimu sana, anasema kimeo kikishafika kwenye ulimi hakirudi, na amekwisha kuzungumza na mzee mmoja anayekata vimeo ili aje Jumapili.

Naomba kujua mambo mawili: je, mpira peke yake unaweza kuleta uvimbe wa namna hii, na je, kuna aliyepatwa na hali hii akapona bila kukatwa?

#2 MlinziWaPumzi

Pole sana, Mwalimu. Mimi ni mtaalamu wa usingizi. Kazi yangu kwa miaka 14 ni kulaza wagonjwa na kuwaamsha. Nianze na la haraka: kimeo kisikatwe Jumapili, na sababu zake nitazieleza.

Mgonjwa akishalegezwa misuli kwa dawa hapumui mwenyewe. Mpira hupitishwa mdomoni, katikati ya nyuzi za sauti, hadi ndani ya bomba la hewa. Ili kuiona njia tunatumia laringoskopu, chombo chenye ulimi wa chuma na taa, ambacho kinanyanyua ulimi na taya. Karibu na ncha ya mpira kuna puto dogo tunalolijaza hewa, ili hewa ya mashine isivuje na uchafu wa tumboni usiingie mapafuni. Puto hilo linaegemea utando laini wa bomba la hewa kwa muda wote wa upasuaji. Shinikizo likizidi sentimita 30 za maji, damu inaanza kukosa njia ndani ya utando, na ndiyo maana tunatakiwa kuliweka kati ya 20 na 30. Penye kipimo tunapima. Pasipo na kipimo tunaminya kwa vidole kijiputo cha nje na kukisia, na nasema kwa uchungu kwamba vidole hudanganya mara nyingi.

Kimeo nacho kina njia zake za kuumia. Mpira ukikaa katikati ya mdomo badala ya pembeni unaweza kukibana dhidi ya kaakaa, na mrija wa kunyonya mate wakati wa kumwamsha mgonjwa unaweza kukivuta kwa nguvu. Ncha nyeupe kwa kawaida ni ngozi iliyokosa damu; hubanduka yenyewe ndani ya wiki mbili hivi na pakabaki pazima.

Naomba utujibu: upasuaji ulichukua saa ngapi, uliwekewa mrija wa puani wa kwenda tumboni, na una maradhi mengine unayotumia dawa zake? Ukianza kutoa mlio unapovuta pumzi, ukashindwa kumeza hata mate, au midomo na ulimi vikavimba, usisubiri jibu la mtu humu. Nenda hospitali usiku huohuo ukiwa umekaa wima.

#3 KilemaNjiaPanda

Pole, Mwalimu. Mwaka juzi nilitolewa rovu. Niliamka sauti ikiwa kama ya mtu anayenong'ona, na ilinichukua miezi mitatu kuweza kuita mtu aliye upande wa pili wa shamba. Daktari aliniambia ni mpira. Jiandae kwa muda mrefu, na usidanganywe na wanaosema ni siku mbili.

#4 BinKisauni

Wenzangu, mwauonea mpira. Mimi nilitengenezwa ngiri hapa Mombasa na sikutiwa mpira ndani ya bomba la hewa. Nilitiwa ile maski ya koo inayokaa juu ya koromeo, na bado koo liliniuma siku mbili. Kwa maoni yangu kinachoumiza ni hewa ya mashine. Ni kavu, ni baridi, haipiti puani ikapata unyevu, na mtu ameshinda saa kumi bila tone la maji. Ongeza sindano ya kukausha mate. Koo lililokauka namna hiyo hata likiguswa na unyoya litachubuka.

#5 MlinziWaPumzi

Ndugu BinKisauni, hewa kavu ina sehemu yake na sikukatalii. Lakini hesabu hazikuungi mkono hadi mwisho. Utafiti uliofanyika Toronto, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2002 ulifuatilia wagonjwa zaidi ya 5,000 waliofanyiwa upasuaji na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Waliolalamika koo walikuwa kama 45 katika kila 100 kwa waliowekewa mpira, 17 kwa waliowekewa maski ya koo, na 3 tu kwa waliopumulia barakoa ya usoni. Wote walipumua gesi za mashine. Kingekuwa ni ukavu peke yake, tofauti isingekuwa kubwa hivyo. Wanawake waliumwa zaidi kuliko wanaume, na moja ya maelezo ni kwamba bomba lao la hewa ni jembamba huku mipira ikichaguliwa minene.

Ndugu KilemaNjiaPanda, kisa chako tukiweke mbali kidogo na cha Mwalimu. Mshipa wa fahamu unaoendesha nyuzi za sauti unapita nyuma ya tezi ya shingo, kwa hiyo anayeondoa rovu anafanya kazi akiwa amepakana nao kabisa. Ukivutwa au kuguswa, sauti inaweza kupotea kwa wiki au miezi hata kama mpira uliingia kwa upole.

#6 KilemaNjiaPanda

Nimekuelewa, mtaalamu. Hata hivyo daktari wa masikio, pua na koo aliyenichunguza baadaye alisema uzi uliolegea ni wa kushoto, ilhali tezi iliyotolewa ilikuwa upande wa kulia. Je, mshipa wa kulia ukiguswa unalegeza uzi wa kushoto?

#7 MlinziWaPumzi

La, haulegezi. Hapo umenifunga mdomo, na narekebisha nilichoandika. Lipo jambo lingine linalojulikana: puto likijazwa likiwa juu mno, yaani chini kidogo tu ya nyuzi za sauti badala ya kushuka ndani ya bomba la hewa, linaweza kuukandamiza mshipa huo dhidi ya gegedu kutokea ndani. Vilevile gegedu dogo linaloshikilia uzi wa sauti linaweza kuteguka mpira unapoingia, na visa vingi vilivyoandikwa ni vya kushoto. Kisa chako huenda kweli ni cha mpira.

#8 NesiMstaafuIringa

Watoto wangu, salamu. Mimi niliingia chumba cha upasuaji mwaka 1979. Wakati ule tulikuwa na mipira myekundu ya raba, migumu, ambayo ilioshwa, ikachemshwa na kutumika tena hadi inapasuka. Puto lake lilikuwa dogo na gumu, na ili lizibe ilibidi lijazwe kwa nguvu, likabonyea mahali pamoja kama kidole. Wagonjwa walilalamika koo wiki nzima, nasi tukiwaambia washukuru Mungu wameamka. Ilipokuja mipira ya plastiki laini yenye puto pana, malalamiko yalipungua mbele ya macho yangu. Kwa hiyo nikiulizwa, nasema puto.

Lakini liko jingine ambalo vijana wanalisahau, nalo ni mkono. Nilifanya kazi na mtu aliyekuwa akilaza wagonjwa kumi kwa wiki na hakuna aliyelalamika, na mwenzake, kwa mipira ileile kutoka boksi lilelile, kila mgonjwa aliamka midomo imechubuka.

#9 Msomi_wa_Mwenge

Mama, shikamoo. Nilisoma mahali kwamba mipira hii ilianza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia huko Marekani. Ina maana miaka yote hiyo haijapatikana isiyoumiza?

#10 NesiMstaafuIringa

Marahaba, mwanangu. Ni ya zamani kuliko hapo. William Macewen wa Glasgow, Uskoti, alipitisha bomba la kupumulia kwa kupitia mdomoni ili kumlaza mgonjwa mwaka 1878, na alilipitisha kwa kupapasa na vidole, mgonjwa akiwa macho. Aliyeieneza mipira ya raba ni Ivan Magill, Uingereza, baada ya Vita vya Kwanza, alipokuwa akiwalaza askari waliojeruhiwa nyuso. Usingeweza kuweka barakoa juu ya uso unaoshonwa. Puto la ndani lilifuata baadaye, Marekani, mwaka 1928. Tulifundishwa haya darasani, na mwalimu wetu alikuwa hataki mzaha.

#11 MamaNaima

Nisameheni kwa kuingia na kisa cha mtoto, lakini nadhani kinahusika. Mwanangu wa miaka miwili alitolewa nyama za puani. Alizinduka vizuri, akalia, akanyonya maji kwenye kitambaa. Kama nusu saa baadaye akaanza kukohoa kikohozi cha kubweka, na kila akivuta pumzi ilitoka sauti kama ya jogoo anayejifunza kuwika, huku ngozi iliyo juu ya kifua ikibonyea ndani. Walimkimbiza ndani, wakampa dawa ya mvuke kwa barakoa na sindano, na baada ya saa mbili akatulia. Niliambiwa koo limevimba kwa sababu ya mpira. Kwa nini mtoto apatwe na hatari namna ile, na mtu mzima aambiwe anywe maji ya vuguvugu?

#12 MlinziWaPumzi

Kwa sababu ya upana wa njia, Mama Naima. Chukua njia ya hewa yenye kipenyo cha milimita 4, kama ya mtoto mchanga. Utando ukivimba milimita 1 tu pande zote, kipenyo kinabaki milimita 2, na eneo la kupitisha hewa linabaki robo ya lilivyokuwa. Kwa mtu mzima milimita 1 hiyohiyo inaleta ukwaruzo na sauti nzito, wala hatishiki. Tena kwa mafundisho ya siku nyingi, sehemu nyembamba ya mtoto iko chini ya nyuzi za sauti, kwenye gegedu lenye umbo la pete lisilotanuka. Dawa ya mvuke aliyopewa bila shaka ilikuwa adrenalini, ambayo hubana mishipa ya damu na kupunguza uvimbe, na sindano ni deksamethasoni. Walifanya sawasawa na walifanya upesi.

#13 Mchungaji_wa_Maneno

Mimi nina neno kwa mama mkwe wa Mwalimu, kwa heshima zote. Mdogo wangu alikatwa kimeo akiwa na umri wa miezi minane kwa sababu ya kikohozi kisichoisha. Alivuja damu usiku kucha, tukafika hospitali ya wilaya alfajiri akiwa mweupe kama karatasi. Aliongezewa damu, akaishi, na kikohozi kikaendelea, kwa kuwa kilikuwa nimonia. Wazee wetu waliona kimeo kimerefuka kila mtu anapokohoa, wakadhani kimeo ndicho kinacholeta kikohozi. Kumbe nacho ni mgonjwa kama koo lenyewe.

#14 NesiMstaafuIringa

Nakazia hapo. Kuna pia pepopunda na magonjwa ya damu kwa kisu kinachozunguka nyumba kwa nyumba. Mwalimu ana kidonda kibichi tumboni na koo lililochubuka. Kumpelekea kisu sehemu iliyokwisha kukosa damu ni kumfungulia usaha mlango. Mwambie mama mkwe kwamba nesi mzee wa Iringa anamwomba asubiri wiki mbili. Hajakosea kuwa na hofu, kwa maana ameona kitu kilichovimba na anampenda mkwewe.

#15 MfamasiaTanga

Habari za usiku. Nimesoma tangu mwanzo, na kuna swali la MlinziWaPumzi ambalo Mwalimu hajalijibu: unatumia dawa gani? Nauliza kwa sababu zipo dawa za shinikizo la damu za kundi la enalaprili, kaptoprili na lisinoprili ambazo kwa watu wachache huleta uvimbe wa ghafla wa midomo, ulimi, kimeo au koromeo. Hauwashi, hauna vipele, na unaweza kumtokea mtu aliyezimeza kwa miezi au miaka bila tatizo. Watu wenye asili ya Afrika wako kwenye hatari kubwa zaidi kuliko wengine. Tusikimbilie kuuhukumu mpira kabla ya hilo kujulikana.

#16 BinKisauni

Na je, maji ya chumvi? Au kusukutua aspirini iliyoyeyushwa? Nimesikia wanaisifu.

#17 MfamasiaTanga

Maji ya chumvi ya vuguvugu ni sawa. Aspirini imejaribiwa kama dawa ya kusukutua kabla ya kulazwa, na ketamini vilevile, zikapunguza maumivu ya koo. Lakini hiyo ni kazi ya mtaalamu kabla ya upasuaji. Mtu mwenye kidonda cha siku nne tumboni asiguse aspirini nyumbani, kwa sababu inafanya damu ikawie kuganda. Na kwa yeyote anayefikiria kujifukiza nyungu: mvuke wa moto juu ya utando uliochubuka unaunguza.

#18 MwalimuWaKorogwe (Ijumaa, saa 3:55 usiku)

Nashukuru ninyi nyote, nilikuwa nimelala. Upasuaji ulichukua saa mbili na nusu, na mrija wa puani sikuwekewa. MfamasiaTanga, umenishtua: natumia lisinoprili ya miligramu 10 tangu mwaka jana. Asubuhi ya upasuaji niliambiwa nisimeze, kesho yake nikaanza tena. Kimeo kilirefuka siku hiyo ya kuanza tena. Sina mlio nikipumua, ila mdomo wa chini nauhisi mzito, na sijui kama ni hofu.

#19 MfamasiaTanga

Mwalimu, usiimeze ya kesho asubuhi, na nenda hospitali sasa hivi, si kesho. Chukua kisanduku cha dawa mkononi. Mdomo mzito si wa kukisia.

#20 MlinziWaPumzi

Naungana naye kikamilifu. Nenda na mtu. Na ukiwa huko omba karatasi ya usingizi ya Jumanne; imo kwenye faili lako. Humo huandikwa namba ya mpira, yaani ukubwa wake, mara ngapi walijaribu kuuingiza, na dawa zote ulizopewa. Tunabishana gizani, na karatasi hiyo ndiyo taa.

#21 MamaNaima

Tunakuombea, dada.

#22 MwalimuWaKorogwe (Jumapili, saa 4:20 asubuhi)

Wakuu, nimerudi salama. Nililazwa usiku mmoja. Daktari wa zamu alinitazama kwa taa, akasema kimeo kimevimba na kimechubuka upande mmoja, na mdomo umevimba kidogo ingawa si wa kutisha. Nilichomwa deksamethasoni, lisinoprili ikasimamishwa, nikapewa amlodipini badala yake. Hadi jana jioni mdomo ulikuwa wa kawaida na kimeo kimeacha ulimi. Ncha bado ni nyeupe.

Karatasi ya usingizi niliiomba, wakanipa nakala bila kinyongo. Imeandikwa: mpira namba 7.5, majaribio mawili, koo halikuonekana vizuri jaribio la kwanza. Hakuna mahali palipoandikwa shinikizo la puto. Mzee wa vimeo hakuja. Mama mkwe alimpigia simu mwenyewe baada ya kusomewa machapisho namba 13 na 14.

#23 NesiMstaafuIringa

Majaribio mawili na namba 7.5 kwa mwanamke. Mimi nimeridhika: ni mkono na mpira. Kwa mwanamke wa kawaida namba 7 inatosha.

#24 MlinziWaPumzi

Mama, 7.5 bado inakubalika kwa mwanamke, ingawa ningechagua 7 kama wewe. Majaribio mawili kwa mtu ambaye koo lake halionekani vizuri si uzembe. Yule mwenzangu aliandika ukweli kwenye karatasi, na kwa hilo namheshimu. Ninachomlaumu ni kutokwenda wodini kesho yake. Mgonjwa aliyechubuliwa anastahili kuambiwa na aliyemchubua.

Kuhusu chanzo, nadhani deksamethasoni imejibu. Uvimbe wa lisinoprili hausikii sana dawa hiyo wala dawa za mzio, kwa sababu unatokana na kemikali nyingine mwilini inayoitwa bradikinini. Umepungua baada ya sindano, kwa hiyo ulikuwa uvimbe wa jeraha.

#25 MfamasiaTanga

Kwa heshima, mtaalamu, hoja hiyo inageuzika. Uvimbe wa lisinoprili ukiachwa tu, dawa ikisimamishwa, kwa kawaida hupungua wenyewe ndani ya siku moja hadi tatu. Mwalimu alisimamisha dawa na kuchomwa sindano usiku uleule, kwa hiyo hatujui nani apewe sifa. Na mdomo wa chini mpira ungeuvimbishaje siku ya nne? Mchubuko wa mpira huvimba siku ya kwanza na ya pili.

#26 MlinziWaPumzi

Mdomo, nakiri, unanisumbua. Lakini ncha nyeupe nayo inakusumbua wewe: uvimbe wa dawa hauui ngozi ya upande mmoja.

#27 Msomi_wa_Mwenge

Je, haiwezekani yote mawili? Mpira ukachubua Jumanne, na mahali palipochubuka pakawa ndipo uvimbe wa dawa ulipopata pa kuanzia?

#28 MfamasiaTanga

Inawezekana, na visa vya namna hiyo vimeandikwa, vya wagonjwa wanaotumia dawa za kundi hili wakavimba ulimi au koromeo baada ya kuguswa kooni. Kwa usalama wa Mwalimu, jina la lisinoprili na ndugu zake wote liandikwe kwa kalamu nyekundu kwenye kadi yake ya kliniki. Hata kama mtaalamu ndiye aliye sahihi, kumrudishia ili tuone nini kitatokea ni jambo ambalo hakuna anayepaswa kulifanya.

#29 BinKisauni

Na ukavu je? Mbona nimeachwa peke yangu?

#30 KilemaNjiaPanda

Ndugu yangu wa Kisauni, ninyi watu wa Pwani kipupwe kikivuma kidogo mnatafuta shuka. Lakini mimi nakuunga mkono nusu: usiku wa kwanza baada ya rovu, kilichonipa nafuu si kidonge, ni kipande cha barafu mdomoni.

#31 MlinziWaPumzi

Barafu ni ushauri mzuri, maadamu mgonjwa ameamka kabisa na anameza bila kupaliwa. Mwalimu, sauti ikoje? Sauti iliyokauka kwa sababu ya mpira kwa kawaida hurudi ndani ya siku chache. Ikivuka wiki mbili bila kurudi, mwone daktari wa masikio, pua na koo aangalie nyuzi kwa kioo au kamera, maana kinyama kidogo kinaweza kuota mahali mpira ulipokuwa ukisugua. Usilazimishe sauti darasani, na usinong'one kwa kuikaza. Na siku yoyote utakayolazwa tena kwa nusu kaputi, hata baada ya miaka ishirini, mwonyeshe mtaalamu karatasi ile kabla hajakugusa: koo lako halionekani vizuri kwa jaribio la kwanza, naye atajiandaa na vifaa vingine.

#32 MwalimuWaKorogwe (siku ya 13 baada ya upasuaji)

Ncha nyeupe ilibanduka juzi nilipokuwa nikinywa chai. Ilikuwa kama ganda la dengu. Kimeo sasa ni kifupi upande mmoja, na hakiumi. Mama mkwe amekitazama kwa tochi mara tatu. Leo ameniuliza kama nyuzi za kushonea tumboni nazo zitabanduka hivyo.

Sauti ya asubuhi inatoka nzito na ya jioni inakwisha kabisa. Nimepangiwa kliniki ya koo Alhamisi ijayo, ambayo itakuwa siku ya 16. Karatasi ya usingizi nimeipiga plastiki, na nyuma yake nimeandika lisinoprili kwa kalamu nyekundu. Mwalimu mwenzangu ananisomea imla darasani hadi nitakapojua daktari ameona nini.